Mbwa Niliyemwamkia

Mimi ni mtu wa hasira, na sifichi. Bwana mifugo aliposema yule mbwa asipopata wa kumchukua atapigwa risasi, nilimwambia aanze na mimi. Alicheka. Nilikuwa mhudumu tu wa ofisi ya mifugo pale Mwanza, kazi yangu kufagia mabanda na kuteka maji.

Mbwa aliachwa kiwanda cha pamba cha Igogo kilipotaifishwa na tajiri wake akaondoka. Dume la kichwa kipana, taya nene, mbegu ya kutoka nje. Watu wa Igogo walimwogopa kuliko fisi. Nilimlisha dagaa kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka akajua kukaa nikimwambia kaa, na kungoja nikimwambia ngoja. Miezi miwili! Akafikia kulala miguuni pangu nikichagua mchele. Nilimpenda, basi.

Akapatikana wa kumchukua: mama mmoja Mhaya, mwalimu mstaafu, mjane aliyeishi peke yake kule kwenye majabali ya Ilemela. Wezi walikuwa wamemwingilia mara mbili. Alikuja asubuhi. Mbwa akamnusa viatu, akatulia, na moyo wangu ukatulia naye. Nami, kama nilivyolelewa, nikamgeukia mgeni, mtu mzima wa kwanza kumsogelea mbwa wangu, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Kabla sijainuka, mbwa alikuwa ameshamng'ata mkono.

"Yesu wangu!" ndiyo tu aliyosema yule mama. Hakututukana. Alipelekwa kushonwa, mimi nikabaki nafuta damu kwenye kokoto. Bwana mifugo alisema atamtazama mbwa wiki mbili kama ana kichaa, kisha atammaliza.

Lakini haikuniingia akilini. Nilikuwa nimefanya nini zaidi ya kusalimia? Nikaenda Igogo kumtafuta mzee aliyekuwa mlinzi wa kiwanda. Nilimkuta anatengeneza nyavu, nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote. Akajipiga paja.

"Loo! Mwanangu, umemtuma mwenyewe. Tulimfundisha kung'ata kwa neno moja tu: shika! Wewe umesema shika, yeye hakungoja moo."

Nililia mbele yake bila aibu. Adabu yangu ndiyo iliyomtoa damu mama wa watu, na ndiyo ingemuua mbwa asiye na kosa.

Nilirudi kwa bwana mifugo, nikamwomba nimfundishe mbwa upya, badala ya kumfokea. Akanitazama sana. "Hizo wiki mbili ni zako. Ila akimgusa mtu mwingine, bunduki utaishika wewe."

Basi nikaanza kumwamkia mbwa. Asubuhi, mchana, jioni, nje ya wavu wa banda lake: "Shikamoo," dagaa. "Shikamoo," dagaa. Siku za kwanza alijirusha kwenye wavu mpaka mdomo ukachubuka. Wapita njia wakapata kichekesho. "Jamani, na mbwa naye ni ndugu siku hizi?" Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akanikaripia kwamba heshima ya wazee naigawa kwa mbwa. Nilimwomba radhi, mimi nisiyejua kunyamaza. Wiki ya pili nikawa nasema neno lile, naye anatetemeka mbavu lakini anautazama mkono wangu.

Nikapanda Ilemela kumwomba msamaha yule mama, nikamweleza kisa chote. Mkono wake ulikuwa bado una bandeji. Alinisikiliza, akanipa chai ya rangi. "Nitafikiri," akasema.

Siku ya mwisho alikuja. Nilimtoa mbwa bandani, kamba nimeizungusha mkononi mara mbili. Bwana mifugo alisimama pembeni na bunduki yake.

"Haya, mwamkie mama," akaniambia.

Mdomo ulikataa kufunguka. Nikisema, na mbwa akaruka, nitakuwa nimemuua kwa ulimi wangu. Nisiposema, atauawa vilevile. Jasho likaitelezesha kamba mkononi, nikaikaza tena.

Yule mama akanitazama. Kwao wanawake hupiga magoti wakiwaamkia wakubwa, lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye mvi, wa kuamkiwa tu. Akakusanya kanga zake. Akashuka magoti yote mawili juu ya kokoto, uso kwa uso na zile taya, akanyoosha mkono ule ule ulioshonwa.

"Shikamoo," akamwambia mbwa.

Mbwa akatetemeka mwili mzima. Nilisikia bunduki inakokiwa nyuma yangu. Kisha akakaa chini, taratibu, akautazama ule mkono wenye kovu, akangoja.

"Lete dagaa, mwanangu," mama akasema bila kugeuka. "Ameshaitikia."