Maombi Tisa Yasiyosomwa

Ofisini walimwita Bawabu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Kazi yake ilikuwa kuchunga kompyuta moja ya kuchuja mtandao, iliyokaa stoo ya ghorofa ya tatu kati ya makopo ya rangi na feni isiyozimwa. Kila mtu wa idara ya maji aliyetaka kufungua ukurasa wowote wa mtandao alipita hapo kwanza, apende asipende. Mpira, kamari, sinema, matangazo ya dawa za kukuza nywele, yote yaliishia stoo. Mhandisi mzima na shahada zake mbili alipanda ngazi kuja kumbembeleza amfungulie tovuti ya magari yaliyotumika, na Bawabu akamsikiliza hadi mwisho, mikono kifuani, kisha akamwambia alete barua ya mkuu wake. Watu wa namna hii mnawajua. Hawana roho mbaya, ila wamepewa funguo na wamezipenda.

Nyumbani alikuwa mkali zaidi, na huko sababu ilikuwa nyingine. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo mtu huyu aliishi roho mkononi. Alimhofia mtoto kwa barabara, kwa mvua, kwa marafiki, na zaidi ya yote kwa simu. Ndipo akachukua kompyuta kuukuu, akaipandisha juu ya kabati la sebuleni, akaijaza orodha zile zile za ofisini, moja ya tovuti mbaya na nyingine ya matangazo. Simu ya binti ikawa haipati mtandao ila kwa kupitia juu ya kabati.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimaliza shule kwa alama za kujivunia, akaomba nafasi katika chuo cha ukunga kilicho mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Ukunga ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka kwa sauti. Baba alipoambiwa alisema, "Tutaona." Alipokumbushwa, akasema hata vyuo vya karibu vipo tele. Binti akanyamaza, na baba akauchukulia ukimya huo kuwa amani.

Ijumaa moja, saa tano na robo asubuhi, dada wa masijala alipanda hadi stoo, amefura.

"Bawabu, hebu niambie, nimekukosea nini?"

"Kwani vipi tena, dada?"

"Nimetumiwa barua pepe ya semina, wanasema bonyeza hapa kuthibitisha. Nikibonyeza naambiwa imezuiwa. Semina nayo siku hizi ni uchafu?"

Bawabu akacheka, akatazama. Kweli, linki ile haikwenda moja kwa moja kwa watu wa semina. Ilipitia kwanza kwenye anwani ya kampuni ya matangazo, inayohesabu nani kabonyeza nini, ndipo ikakufikisha unakokwenda. Na anwani hiyo ilikuwamo kwenye orodha mpya ya kuzuia aliyoipakua wiki mbili nyuma, ndefu kuliko zote, ambayo alijisifia mpaka watu wakachoka. Akaitoa, dada akashuka ngazi akinung'unika, mambo yakaisha.

Ila orodha ile aliiweka na nyumbani. Kwa uangalifu tu, wala si kwa wasiwasi, aliingia kwenye kompyuta ya juu ya kabati kutokea pale pale stoo, aitoe na huko. Akatafuta ile anwani kwenye kumbukumbu za mashine, aone kama imewahi kukamatwa. Ilikuwa imekamatwa mara tisa ndani ya siku kumi, zote kutoka simu ya binti yake, na zote kwa linki moja, ya barua pepe kutoka chuo cha ukunga.

Kulikuwa na jingine. Ukurasa ule wa kuzuia, wenye maandishi mekundu "Umezuiwa na mzazi wako", ulikuja na kisanduku cha kuandika sababu na kitufe cha kuomba ruhusa. Yeye alitafsiri maneno tu, hakuwahi kuiambia mashine maombi yapelekwe wapi. Yakawa yanalundikana kwenye faili ambalo hakuwa na habari nalo. Akalifungua.

"Baba, ni chuo! Wamenipa nafasi, wanataka nithibitishe."

"Baba, naomba ufungue. Mwisho ni Ijumaa ijayo saa sita mchana."

"Baba, najua unaogopa. Mama mdogo anakaa karibu na huko, nitakwenda kwake kila Jumapili."

"Baba, leo asubuhi nilikuangalia usoni, hukusema kitu. Umeona lakini?"

Akaendelea kusoma. La nane lilikuwa neno moja, "Tafadhali." La tisa, la Jumanne, halikuwa na neno lolote. Alibonyeza kitufe tu.

Ombi la pili lilikuwa la wiki iliyopita, kwa hiyo Ijumaa yenyewe ilikuwa leo. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika thelathini na mbili.

Akampigia binti, simu iliita mpaka ikakatika. Akainakili linki kutoka kwenye kumbukumbu ili aifungue mwenyewe, ikakataa, kwa kuwa mashine huzikata mkia linki ndefu zikizidi kipimo. Basi ilibaki njia moja, afungue nyumbani, binti abonyeze kwa simu yake. Kazi hii aliifanya kila siku akiwa nusu usingizini. Leo alikosea. Aliongeza anwani kwenye orodha ya kuruhusu, akaiwasha upya huduma, ikagoma. Alikuwa ameisahau alama moja, na mashine isiyoelewa mstari mmoja huitupa orodha nzima. Sasa nyumba yote haikuwa na mtandao. Akamwomba Mungu, akamtukana aliyetunga programu, akajitukana na mwenyewe kwa sauti, feni ikimpulizia makaratasi usoni. Saa sita kasoro dakika kumi huduma ikakubali kuwaka.

Akapiga tena. Mara ya tatu binti akapokea.

"Nilikuwa nje naanika nguo, Baba. Kuna nini?"

"Bonyeza ile linki ya chuo! Nimeshafungua. Sasa hivi, mama, bonyeza!"

"Baba..."

"Bonyeza kwanza, tutaongea baadaye!"

Akasikia pumzi zake.

"Imefunguka."

"Alhamdu! Inasema nini?"

"Inasema nafasi imeachwa na mwombaji."

"Imeachwa? Nani kaiacha?"

"Mimi. Niliwaandikia barua pepe juzi Jumatano. Nikasema mzazi wangu hakukubali, wampe mwingine mapema asije akahangaika."

Hata kuaga hakuaga. Aliipigia namba ya chuo, akazungushwa kwa watu wawili, akampata mama wa usajili, akamweleza mambo ya orodha na matangazo na kisanduku, yote kwa pumzi moja. Mama yule alimwacha amalize. Nafasi ilishachukuliwa jana, akasema, na aliyeichukua ameshathibitisha, hakuna la kufanya. "Barua ya binti yako tuliisoma wote hapa. Ana adabu sana yule mtoto. Aombe tena mwakani, ingawa sikuahidi kitu." Bawabu akashukuru. Kisha akakaa juu ya kopo la rangi, akalia kama hakuwa na miaka hamsini.

Aliondoka kazini bila kuaga. Nyumbani alimkuta binti sebuleni anakunja nguo zilizokauka, uso umetulia, na utulivu ule ulimtisha kuliko machozi. Akaanza kueleza akiwa bado mlangoni.

"Sikuyaona, mwanangu. Hata moja. Ile ni orodha ya matangazo tu, wala sikukuzuia mimi. Nakuapia kwa kaburi la mama yako."

"Nakuamini, Baba."

"Sasa mbona hukuniambia kwa mdomo?"

"Nilikuambia kwa mdomo mara mbili. Halafu nikaona pale pameandikwa umezuiwa na mzazi wako. Nikajua ndilo jibu."

"Si ungeomba hata simu ya jirani?"

"Nikupite mgongoni?"

Binti akachukua shuka, akatafuta pembe zake, akainua macho.

"Baba, na ungeyasoma, ungefungua?"

Alitaka kusema ndiyo. Njia nzima kutoka kazini alikuwa akiliandaa neno hilo. Lakini alijijua. Angelisoma lile la kwanza, angesema moyoni tutaona, na angeliacha likae mpaka Ijumaa ipite. Binti alimsubiri. Alimsubiri mpaka shuka ikaisha kukunjwa, akaiweka juu ya nyingine.

"Haya, Baba," akasema, akatoka nje kuanua zilizobaki.