Mama Koki na Neno "Rudi"

Ukitaka kumjua Muthoki, nenda mtaa wa Kware asubuhi usimame chini ya yale maghorofa. Kibanda chake cha mboga kiko chini, wateja wake wako juu, orofa ya nne, ya tano, ya sita. Kupanda ngazi hapandi ng'o. Huinua uso tu akatangaza kwamba sukuma imefika, na vikapu vikateremshwa kwa kamba. Ile ni sauti, si mchezo. Hata mlevi aliyelala fofofo huamka akauliza kuna nini.

Sasa mwenye sauti hiyo mpeleke kwenye mechi ya bintiye uone. Koki ana miaka kumi na mitatu, mwembamba, miguu mirefu, na tangu aingie timu ya softiboli inayocheza Buruburu kila Jumamosi, ungedhani mama mtu ndiye aliyesajiliwa. Hufunga kibanda mapema, akamburuta jirani yake Wangeci, wakaenda. Mchezo wenyewe aliuelewa haraka. Unapiga mpira kwa gongo, unazunguka vituo vitatu, ukifika nyumbani ulipoanzia umepata pointi. Ukiguswa na mpira njiani, umetoka. Basi, hayo yakamtosha Muthoki kujifanya kocha.

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa, ila huu wake uliponza kichwa cha mtoto. Siku hiyo Koki alikuwa kituo cha tatu. Mwenzake akapiga, mpira ukabingirika mbali, Koki akachomoka, na njia ilikuwa nyeupe kabisa. Muthoki akaruka, akapaza ile sauti ya orofa ya sita: "Rudi nyumbani! Koki, rudi nyumbani!" Yeye alimaanisha njoo, fika, maliza kazi. Lakini katika timu ile "rudi" ina maana moja tu: geuka, kimbilia kituo ulichotoka. Na kati ya maneno yale mawili, "rudi" ndilo lililotangulia kufika. Koki akafunga breki, akageuka, akanaswa katikati, akaguswa na mpira. Wakapoteza mechi hivyo hivyo.

Watu walicheka. Koki hakucheka. Walipofika mlangoni akasema, "Mathe, ukikuja tena, mimi naacha."

Jamani, kuna maneno ambayo afadhali kofi. Muthoki alijua mtoto hatanii. Na mchezo huo ndio uliomtoa Koki nyuma ya pazia alikokuwa akijificha wageni wakija, ukamfanya atembee kifua mbele. Auache kwa sababu ya mdomo wa mamake? Haiwezekani. Lakini kubaki nyumbani Jumamosi bila kumwona mwanawe akicheza, hilo nalo lilimkata maini.

Akamwendea kocha Wandera, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi, akamweleza yote. Wandera hakumlaumu. Alisema wazazi wote hudhani wanasaidia, na mtoto akisikia sauti tano, miguu yake haijui itii ipi. "Mama Koki, uwanjani sauti ni moja, na ni yangu," alimwambia. "Wewe leta maji na makofi. Na mkirudi nyumbani usimhesabie makosa. Mpe chakula."

Muthoki akamsihi bintiye ampe nafasi moja tu, moja ya mwisho. Koki akanuna weee, kisha akakubali.

Basi hiyo Jumamosi, usiniulize! Pointi sawa kwa sawa, zamu ya mwisho, Koki yuko kituo cha tatu, na mwenzake mmoja wa timu, msichana wa Pumwani, Batulo, ameshika gongo. Muthoki alikuwa amejaza njugu mdomoni ili pasibaki nafasi ya neno. Alikuwa amemkaba Wangeci mkono hadi Wangeci akalalamika kwamba vidole vyake si vya kukodisha. Batulo akapiga. Mpira ukapaa juu, juu kabisa, na uwanja mzima ukasimama. Kila kitu ndani ya Muthoki kilisema kimbia. Na hapo hapo Koki, kwa mazoea, akageuza shingo kumtazama mamake.

Muthoki alimeza njugu zote bila kutafuna. Hakutamka lolote. Aliinua mkono, akanyoosha kidole kwa Wandera. Mtazame yule, si mimi.

Koki akamtazama. Wandera alikuwa amesimamisha kiganja: subiri. Kumbe mpira ukidakwa hewani, aliyeondoka kituoni mapema hana budi kukirudia kwanza. Angekimbia sasa hivi angekwisha; akingoja udakwe, yuko huru kukimbia. Mpira ukadakwa kule mbali. "Nyumbani!" Wandera akaita. Koki akafyatuka, mpira ukarushwa kumfuata, akajitupa chini, vumbi likamfunika, na mkono wake ukagusa nyumbani mpira ungali njiani.

Wasichana wakamrukia mpaka asionekane. Muthoki alikuwa akilia na kucheka, machozi yanamtiririka, na bado hajatoa sauti, maana sasa aliogopa hata kushangilia. Koki akajinasua, akaja mbio, goti linavuja damu, akasimama mbele yake akihema.

"Mathe, Jumamosi ijayo usikae huku mbali," alisema. "Simama pale karibu na kituo cha tatu, nikuone."