Nywele za Timotheo

Tangu operesheni ya serikali ya kuhamisha watu iwashushe kutoka milima ya Vidunda na kuwapanga katika kijiji cha ujamaa, ukuta kwa ukuta na watu asiowajua, Magreti hakumwamini mtu yeyote. Taya la mwanawe Timotheo lilipovimba, alijua kuna mkono wa mtu. Hospitalini wakasema ni saratani, wakamchoma mtoto sindano ya mshipa. Muda si mrefu nywele zikaanza kubaki kwenye mto.

Magreti akaziokota zote, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nywele za mtu haziachwi ovyo, tena penye wageni.

"Mnampa sumu," alimwambia nesi Agnesi.

"Ni sumu kweli, mama," Agnesi akajibu. "Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi. Dawa hii inazigandanisha. Chembe ikitaka kujigawa inashindwa, inakufa. Uvimbe hujigawa haraka, na mashina ya nywele pia."

"Kwa hiyo haimjui adui."

"Haimjui. Inampiga mwenye haraka."

Magreti alimtazama sana. Tangu ahamishwe, huyu ndiye mtu wa kwanza kumkubalia ubaya wa kitu alichomletea. Akamshika mtoto mkono, sindano ya pili ikapita.

Taya lilinywea, wakarudi kijijini. Majirani wakaja kumpokea Timotheo, mmoja akampapasa kipara. Magreti aliitikia salamu zote kwa heshima. Walipoondoka, akachimba shimo nyuma ya jiko, akafungua pindo na kuzifukia nywele. Dawa alishaiamini. Majirani, bado.