Kompyuta ya Mama Iliyokula Herufi

Ninyi wenzangu mliokulia Kibaha miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, mtanielewa. Tulikuwa watoto wa michezo ya rede na kombolela, midomo imejaa wekundu wa ubuyu, vidole vimebabuka kwa utomvu wa korosho. Tukitoka shule tunanunua mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti, tunakula mpaka wino wa gazeti. Na kila kilichoharibika tulikijulia dawa. Redio ikikoroma unaipiga kofi. Betri zikichoka unazianika juani. Kisha ikaja kompyuta, na hakuna aliyejua ipigwe wapi.

Mama yangu alikuwa mchapaji katika ofisi moja kando ya barabara ya Morogoro. Kwenye taipureta alikuwa hatari: anazungumza na wewe, anacheka, na vidole vinaendelea kuchapa bila kuangalia. Siku kompyuta ilipoletwa, taipureta ikapelekwa stoo na Mama akapewa mafunzo ya siku tatu. Chumba kikawekwa pazia zito na feni mpya. Kuingia, lazima uvue viatu mlangoni kama unaingia msikitini. Jioni mashine ilifunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Tulichanganyikiwa ukoo mzima. Siku moja Mama alirudi nyumbani kwetu Kongowe akasema mashine imeingiwa na virusi. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisarawe, na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Bibi akamnyakua mtoto.

"Humshiki huyu mpaka ukaoge na sabuni!"

Mama akaanza kumweleza, akaishia katikati. Nadhani na yeye hakuwa na uhakika virusi hivyo vinaambukiza vipi. Akachukua ndoo, akaenda kuoga.

Basi, Ijumaa moja nilitoka shule nikapita ofisini kumsubiri turudi wote. Nilimkuta na karatasi iliyojaa wino mwekundu wa bosi wake. Ilikuwa orodha ya watu walioitwa kwenye usaili wa kazi, na majina mengi yalikuwa na makosa. Bosi alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba orodha iwe safi Jumatatu asubuhi, la sivyo yeye ahamie masijala kupanga mafaili, na kiti chake kikaliwe na mtu aliyesomea kompyuta Dar.

Mama akatoka kwenda kuswali Alasiri. Nikabaki na mashine. Sikuwa na nia mbaya, wallahi. Nilitaka tu kujua vile vitufe vikoje ukivigusa. Nikabonyeza kimoja, kidogo, upande wa kulia juu ya mishale. Hakikutokea kitu chochote, nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye benchi.

Mama aliporudi akaanza kusahihisha. Kulikuwa na jina "Mwjuma" lililokosa herufi. Akaweka *a*, ikaila *j*. Akarudisha *j*, ikaila *u*. Akarudisha *u*, ikaila *m*. Kwenye skrini likabaki neno moja: "Mwajua".

Mama aliacha vidole hewani. "Astaghfirullah! Mwajua nini? Mimi hapa sijui kitu!"

Alijaribu jina la pili, la tatu. Kila alipoongeza herufi, ya mbele yake ilimezwa. Akasoma Ayatul Kursi. Akampigia mwalimu wake wa mafunzo, akaambiwa azime awashe. Akakataa, kwa sababu mara ya mwisho alipozima, barua nzima ilipotea. Mwishowe aliiacha ikiwaka, akabandika karatasi ya USIZIME, akafunga mlango. Tukashika njia ya nyumbani. Mimi nilijiuliza kama ni kile kitufe, nikajijibu haiwezekani, maana hakikufanya kitu. Hofu haikukubali jibu hilo.

Jumamosi tulikwenda Kisarawe kwa Bibi. Mama alikuwa anamenya mihogo kando ya jiko la uani, machozi yanamtoka na hakuna kitunguu.

"Miaka yote hii nimechapa," alimwambia Bibi, "leo herufi zinanikimbia. Labda wana haki, niende masijala."

Nikaacha chai yangu. "Mama, mimi niligusa."

"Uligusa nini?"

"Kompyuta. Ulipokwenda kuswali."

Akaweka kisu chini. Nikafumba macho kusubiri kofi. Nilipoyafumbua, alikuwa amechukua kijiti, anasawazisha mchanga kwa kiganja, anachora vitufe safu kwa safu, vyote, kwa kichwa. Akanipa kijiti.

"Nionyeshe."

Nikaonyesha. Akakitazama kwa muda mrefu. "Hiki sijawahi kukigusa. Hata kazi yake siijui."

Bibi akachungulia mchanga, akatuangalia mmoja mmoja. "Ndiyo nini sasa, mnapiga ramli?"

Jumatatu sikumsikia mwalimu hata neno moja. Kengele ya mapumziko ilipolia nilikimbia hadi ofisini, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amekibonyeza kitufe kile mara moja tu, na herufi zikaacha kulana, zikaanza kusogea na kupeana nafasi kama watu kwenye benchi. Bosi alisoma orodha juu mpaka chini, akasema, "Kumbe unaiweza." Mama hakumtaja aliyegusa.

Jioni alinishika mkono, akaniambia, "Ukiharibu, sema. Kilichosemwa kinatengenezeka." Alikaa kwenye kiti kile mpaka alipostaafu.

Siku hizi na mimi nina mashine yangu, ofisini Kwala. Nafanya kazi na vijana wanaochapa kwa vidole gumba haraka kuliko Mama alivyochapa kwa kumi. Lakini skrini ikiganda wanasema "mtandao huo", wanakwenda kula chipsi. Hakuna anayelia, hakuna anayechora mchanga. Wiki iliyopita nilifika asubuhi nikakuta programu yangu imebadilika sura, kitufe cha kuhifadhi kazi hakipo mahali pake.

"Nani amegusa mashine yangu?" niliuliza.

Wakacheka. "Mama, hakuna aliyegusa. Imejiapdeti yenyewe."

Nilikitafuta kitufe hicho mpaka mchana. Nikampigia Mama, sasa anaishi Kisarawe, nikamsimulia. Akauliza mara mbili kama kweli hakuna aliyegusa. Nikamwambia kweli, hakuna.

Akasema, "Sasa hapo, mwanangu, unamsamehe nani?"