Vitambaa vya Kulia

Mbuke hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili, na kazi yake ndiyo iliyompa kiburi hicho. Pamba alilima mwenyewe, nje kidogo ya Bunda, akaisokota mwenyewe, akaifuma kwenye kitanda kidogo cha mfumi alichokigongea misumari kwa mkono wake, upana wake kama sinia ya chai. Ukinunua kwake kitambaa cha kushikia sufuria, mjukuu wako atakikuta jikoni. Maneno hayo aliyasema Mbuke mwenyewe, tena bila kuombwa.

Basi Skolastika alipompigia simu kutoka Butiama, alimsikiliza mara moja tu. Skolastika ndiye mama wa Amos, kijana aliyetaka kumwoa Yunis, binti wa pekee wa Mbuke, na mpaka siku hiyo mama huyo alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

"Dada, nasikia unafumaga vizuri. Nifumie vitambaa ya kulia, kumi na mbili. Wajomba zake Amos wanakuja Jumamosi. Ziwe nene kidogo."

Mbuke akakata simu huku roho ikimuuma. Mume wa Skolastika alifariki mwaka jana. Bila shaka Jumamosi ni misa ya kumbukumbu, na ndugu wa mjane wanakuja kumlilia shemeji yao. Na kwamba viwe vinene? Maskini, machozi bado ni mengi.

Akatanda nyuzi nyeupe. Kila pindo akalipitishia mistari miwili myeusi, ya heshima.

"Mama, una hakika?" Yunis aliuliza alipoona ule weusi.

"Mimi na pamba hatudanganyani," Mbuke akamjibu.

Jumamosi akashuka kwenye bodaboda Butiama, akakaribishwa na harufu ya pilau. Redio ilikuwa ikiimba. Meza ilikuwa ndefu na sahani zimeshapangwa, lakini Mbuke akafungua furushi lake tu.

Skolastika akavitazama vile vitambaa vidogo vyenye pindo jeusi.

"Hizi ni za nini?"

"Za kulia, mama. Za kufutia machozi."

"Nilisema za kulia chakula! Za kuweka chini ya sahani!"

Kuingia na vitambaa vya msiba kwenye karamu ya watu! Mbuke aliiona ndoa ya mwanawe ikifia pale pale, mbele ya pilau. Mwingine angepiga magoti. Yeye akavuta pumzi.

"Nimekosea kusikia, mama. Kufuma sijakosea. Shika uone."

Skolastika akachukua kimoja, akakikunja, akakipitisha shavuni. Mwaka jana alimzika mumewe bila kudondosha chozi, kwa sababu watu walimwambia yeye ni mwanamke jasiri naye akawaamini. Sasa akaanza kucheka. "Za machozi!" Akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kikawa kilio, kilio cha sauti, cha mwaka mzima. Mbuke akakaa kando yake, akamshika bega.

Wajomba walipoingia, kila mmoja alichukua kitambaa na kukitandika chini ya sahani yake, ingawa sahani ilikimeza chote, pindo na mistari yake.

"Nzuri hizi," akasema Pastory, mjomba mkubwa. "Nani amefuma?"

"Mkwe wangu huyu," Skolastika akajibu, macho bado mekundu. "Ni za kulia."

Jioni vitambaa kumi na kimoja vilikuwa vimelowa mchuzi. Cha kumi na mbili hakikufika mezani. Skolastika alikula kwa mkono mmoja, kwa mwingine amekishika.