Mgeni Aliyetaka Udiwani wa Kangundo

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya miaka ya tisini ambayo bado inanipasha moto masikio. Nilisimama sokoni Kangundo kuomba kura ya udiwani, nikawadanganya watu.

Wewe umenijua nikiwa mzee wa hapa. Lakini mimi nilizaliwa Masaka, Uganda, na nilivuka mpaka kuja Kenya wakati wa vita nikiwa kijana mwenye shahada ya sheria na mashati mawili. Nairobi nilirudia mitihani ya uwakili, kisha nikafungua ofisi Machakos mjini, juu ya duka la viatu. Kesi zangu nyingi zilikuwa za mashamba. Uraia niliupata baadaye, baada ya kungoja sana.

Basi siku hiyo mpinzani wangu alikuwa amekwisha kuuliza watu kama wamekosa Wakamba wa kuchagua mpaka waazime mtu kwa jirani. Walicheka, na mimi nikaingiwa na hofu. Nilipopewa kipaza sauti nikasema nyanya yangu, mama ya mama, alikuwa Mkamba wa Mwala. Watu wakapiga makofi. Nilishuka jukwaani nikijiona mjanja.

Mwaitu Ndunge, yaani Mama Ndunge kwa Kikamba, alinisubiri hadi watu wakapungua. Huyu alikuwa mjane niliyemtetea kortini, mashemeji zake walipotaka kumfukuza kwenye shamba la kahawa la marehemu mumewe. Alinishika mkono, tukasogea pembeni.

"Wakili, huyo nyanya wa Mwala umemtoa wapi?"

Nilianza kukunja karatasi za hotuba, naye akaendelea.

"Unajua kwa nini nilikutafuta wewe? Mawakili walikuwa wengi Machakos. Nilikutafuta kwa sababu hauko na ukoo hapa. Nilijua hakuna shemeji atakuita kando mwongee. Sasa leo umejitafutia ukoo. Mimi nitakuamini aje?"

Aliondoka bila kuniaga. Wiki nzima niliyawaza maneno yake, hata kortini nikawa nasoma karatasi bila kuzielewa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi pale pale. Niliwaambia sina nyanya Mwala, mama yangu ni Mganda, na niliwadanganya kwa kuogopa kuchekwa. Kisha nikawaambia kile ninachoweza: ugomvi wa shamba ukiletwa mbele yangu, sitauliza ni mtoto wa nani. Wengine walinizomea, wengine wakaenda zao. Mwaitu Ndunge alibaki amesimama mbele mpaka nikamaliza.

Nilishindwa, tena vibaya. Lakini tangu mwezi ule ofisi yangu haikukosa watu kutoka Kangundo, wengine wakiwa ni walewale walionizomea. Uchaguzi uliofuata nilisimama tena. Mpinzani akaniita mgeni, na umati ukamjibu kwamba hilo wanalijua, niliwaambia mwenyewe. Nikashinda, nikawa diwani.

Mwanangu, wewe pia utafika mahali ambapo watu watakuuliza umetoka wapi. Wajibu ukweli, na uwatazame usoni. Usijitungie ukoo ili upendwe haraka, kwa sababu utalazimika kuulinda uongo huo kila siku, na kazi yenyewe hutaifanya. Huenda lile unaloona aibu ndilo lililomfanya mtu akuamini. Ukikosea, rudi ulipokosea, useme mbele ya watu walewale.

Mungu akuongoze popote utakapohamia, na wenyeji wa huko wakujue kwa jina lako la kweli.