Aliomba Uji Akiwa Amefungwa Kidevu

Kaka yangu Bakari aliomba uji akiwa amekwisha kufungwa kidevu kama maiti.

Sitanii. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Ndui ilikuwa imeingia Kindu. Wagonjwa, Bakari akiwemo, walitengwa kwenye kibanda kando ya mto Lualaba, na Mama Hadidja, muuguzi wao, akatuchukua watatu tujifunze kuwauguza: mimi, Jamila na Musafiri. Sisi ndui ilishatupitia zamani, makovu tunayo usoni.

Sheria yake ilikuwa moja tu.

"Mugonjwa anapumua? Mupe maji, mupe uji. Mengine si yenu."

Nani alimsikia?

Siku hiyo nilitoka kwenda kuchota maji. Kurudi, namkuta Jamila amemlaza Bakari kuelekea kibla, kidevu amekifunga kitambaa, anasoma Yasini.

"Saa yake imefika, dada. Hii njo kazi ya Mungu."

Musafiri, mtu wa msituni huko Punia, alikuwa mlangoni anafoka. Kwao hakuna anayekufa bure.

"Iko muntu alimuroga! Tumutafute kwanza!"

"Na uji?" nikauliza.

Chungu kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokiacha, uji umepoa, umefanya utando juu.

Mara kile kitambaa kikatikisika. Nikakifungua kwa hasira. Bakari akafumbua jicho moja.

"Munalia nini? Miye niko na njaa."

Nikamnywesha. Unadhani wenzangu waliona haya? Thubutu!

"Mungu hakupenda bado," akasema Jamila.

"Mulozi amesikia sauti yangu, ameogopa!" akadakia Musafiri.

Wakaanza kubishana imani ya nani imemponya. Uzalendo ukanishinda, nikawatukana wote wawili, kelele zikafika mtoni.

Bakari akanivuta mkono.

"Mupe na Hamisi. Tangu asubuhi anaomba maji."

Hamisi alilala mkeka wa pili. Hakuna aliyemhofia, maana jana yake tu alikuwa akitutania. Nikageuka na kata ya maji mkononi.

Alikuwa amekwisha kupoa. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea mtungi.

Mama Hadidja aliingia, akamtazama, kisha akatutazama sisi.

"Na huyu? Wa Mungu, ao wa mulozi?"



Ndugu yangu unayesoma, kuhusu kifo amini utakavyo. Lakini anayeomba maji, mpe maji kwanza.